Mwanafunzi wa kizazi cha kwanza ni nani?

Ni yule ambaye baba wala mama yake hakumaliza shahada. Sheria ya elimu ya juu ya Marekani inahesabu hivyo, digrii ya wazazi basi. Ukiileta tafsiri hiyo Sikonge, mkoani Tabora, inapwaya. Mtoto kalelewa mjini kwa mjomba mwalimu, likizo anarudi kwa baba mrina asali. Huyo ni wa kizazi cha ngapi? Mimi huuliza jambo moja tu: nyumbani kuna mtu wa kumuuliza mambo ya chuo?

Dhana hii haihusu akili, na umaskini si lazima, ingawa mara nyingi huandamana nayo. Inahusu yale ambayo wengine huyaokota sebuleni bila kufundishwa. Chukua utafiti wa tiba. Binti kafaulu PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na ukoo mzima unajua neno moja: udaktari. Kwamba kuna mtu anayelipwa kukichunguza kimelea cha malale, yaani ugonjwa wa usingizi, si kumtibu mgonjwa wa malale, hilo halijawahi kutajwa. Anachagua sayansi ya maabara, baba anashangaa: "Kwa hiyo, mwanangu, sindano hutachoma?" Hatachoma. Atainamia darubini, tone la damu kwenye kioo likiwa limepakwa rangi ya Giemsa, akisaka kijidudu chembamba kama uzi uliojikunja baina ya chembe nyekundu za damu. Kuna siku atainuka shingo inauma na hajaona kitu.

Na baba huyohuyo ndiye anayemjua mbung'o, inzi mwenye kuambukiza malale. Anajua miombo ipi wamejaa, na kwamba ukivaa nguo nyeusi au ya bluu umewaita. Mtoto wa profesa hana elimu hiyo.

Asichokuwa nacho binti ni njia: kwamba mhadhiri huombwa nafasi kwenye mradi wake, hasubiriwi akuite, kwamba damu ya mtu haitolewi kwa utafiti bila kibali cha maadili, kwamba Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, ina kituo Tabora kwao.

Mdogo wake akiingia chuo, kwa hesabu ya Wamarekani naye ni kizazi cha kwanza, maana wazazi ni walewale. Kwa hesabu yangu, hapana. Ana dada wa kumpigia simu usiku, hata kama ni kumuuliza uzamili na uzamivu vinatofautianaje.