Alama ya E kwenye wimbo: inamwambia mzazi nini?

Ukifungua Spotify au Apple Music, utaona baadhi ya nyimbo zina kisanduku kidogo chenye herufi E karibu na jina la wimbo. Maana yake ni kwamba mwenye wimbo ametangaza kuwa ndani mna maneno makali: matusi ya wazi, ngono, ukatili au dawa za kulevya. Basi. Haisemi wimbo unamfaa mtoto wa umri gani, wala haitenganishi tusi moja lililopita kwenye ubeti wa pili na wimbo ambao ni wa chumbani mwanzo mpaka mwisho.

Chimbuko lake ni Marekani. Tipper Gore, mke wa seneta Al Gore, alishtushwa na wimbo mmoja kwenye albamu ya Prince aliyomnunulia bintiye. Mwaka 1985 yeye na wake wa vigogo wengine wa Washington wakaunda kikundi cha kuzibana kampuni za muziki, na Septemba 19 mwaka huohuo hoja ikafika Seneti, ambako wanamuziki Frank Zappa na John Denver walikwenda kuipinga. Kampuni zikakubali kubandika onyo kwa hiari, na mwaka 1990 kibandiko cheusi na cheupe kikawa cha namna moja kwa wote. Mzazi ashike hapo kwenye hiari. Hakuna baraza linalokaa kusikiliza kila wimbo unaopandishwa mtandaoni. Programu hutegemea zaidi jibu la aliyeupeleka.

Kwa nyimbo zetu alama hii inasaidia kidogo sana, kwa sababu msanii wa Kiswahili hatukani sana, anafumba. Novemba 2018 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na kelele nyingi zilihusu neno Nyegezi lililomo ndani yake. Nyegezi ni eneo la kweli jijini Mwanza, lina stendi ya mabasi. Liandike peke yake, hakuna tusi. Lisikie linavyotamkwa na kurudiwa kwenye wimbo, kila mtu mzima anaelewa. Mashine ya kusaka matusi itapata wapi akili hiyo? Na asali, muwa, embe na shimo la kuchimba hupita hivyohivyo, bila alama yoyote.

Kufumba chenyewe hakunisumbui. Taarabu imejaa mafumbo, na unyago huimba mambo ya mwili waziwazi kuliko Bongo Fleva. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliheshimika kama mwimbaji wa taarabu na pia kama kungwi. Lakini nyimbo za unyago zilikuwa na mahali pake: wanawake peke yao, mwari aliyevunja ungo, na somo wa kumweleza kila kitu kina maana gani na kinataka adabu gani. Leo maneno ya uzito uleule yanapigwa saluni, kwenye daladala, hata kwenye bethdei ya mtoto wa miaka minne, na somo hayupo. Hilo ndilo linaloniuma, maana mtoto anapewa wimbo bila mtu wa kumfafanulia.

Kwa hiyo usikimbilie kufuta kila wimbo wa mapenzi. Mtoto akimsikia mtu analia kuachwa, au bwana harusi anamsifu mkewe, hajaharibika. Anajifunza kwamba watu wazima nao huumia na hupenda. Mimi huangalia yule anayeimbiwa ni nani katika wimbo. Ana utu, ana la kusema, au amebaki kiuno na makalio? Akikataa, mwimbaji anaondoka au anamkebehi mpaka akubali? Wimbo unaofundisha kwamba hapana ya msichana ni ya kubembelezwa hadi ivunjike naukataa nyumbani hata kama hauna tusi hata moja, na naukataa kwa wavulana kwanza.

Video nayo itazame mwenyewe, peke yako, kabla ya mtoto. Mtoto wa miaka sita hashiki fumbo, anashika mauno, na atayakata mbele ya wageni huku watu wazima wakimpigia makofi na kumrekodi. Makofi yale ndiyo yanayomfundisha. Wa miaka kumi na mbili ameshaelewa fumbo, tena wakati mwingine kabla yako.

Kwenye simu, Spotify ina sehemu ya mipangilio ya kuzuia nyimbo zenye alama ya E, na kwenye kifurushi cha familia msimamizi anaweza kumfungia mtoto nyimbo hizo. YouTube nayo ina hali ya kuficha baadhi ya video. Washa, lakini kumbuka nyimbo za mafumbo zitaendelea kupita, na spika ya jirani haina mipangilio.

Siku mtoto akiuliza yule kaka anaimba asali gani, usimfokee wala usimwambie ni ya nyuki. Mwambie: "Anasema mambo ya mke na mume, ameyaficha kwa jina la chakula. Ukikua nitakueleza zaidi. Sisi wimbo huo hatuuimbi." Akirudi na swali la pili, kaa naye umjibu.