Nebula ya Gum haihitaji darubini kubwa
Imezoeleka, hata miongoni mwa wapiga picha wetu wa Mbeya, kuamini kwamba nebula, yaani wingu la gesi na vumbi lililo kati ya nyota, ni kitu kidogo kisichopigika picha bila darubini kubwa. Nebula ya Gum, iliyopewa jina la mwanaastronomia wa Australia, Colin Gum, yaonyesha kinyume kabisa: imetanda katika makundi ya nyota ya Vela na Puppis kwa zaidi ya nyuzi 30, yaani upana wa miezi mipevu zaidi ya 60 iliyopangwa mstari mmoja, hivyo darubini kubwa huonyesha kipande chake tu. Kinachotakiwa ni lenzi pana, stendi inayofuata mwendo wa nyota, na giza kama la uwanda wa Kitulo.

Ugumu halisi, kwa maoni yangu, uko ndani ya kamera. Nebula hii hung'aa kwa mwanga mwekundu wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, na kamera nyingi za kawaida zina chujio mbele ya kihisi (sehemu inayonasa mwanga) linalouzuia mwanga huo kwa sehemu kubwa. Fundi akilibadilisha, na picha nyingi za dakika mbilimbili zikaunganishwa kwa kompyuta, utando mwekundu hujitokeza. Mwezi Mei, mvua zikishakatika, nebula bado huwa juu upande wa kusini-magharibi mnamo saa mbili usiku.