Kisasi na heshima kwenye makaburi ya magladiata

Wengi wetu tumemjua gladiata wa Roma, yule mpiganaji wa uwanjani aliyepambana mbele ya watazamaji, kupitia filamu, na katika filamu kisa chake huwa kilekile: mtu mwema anadhulumiwa na mkubwa, anauzwa utumwani, anafunzwa kupigana, kisha siku moja anakutana uwanjani ana kwa ana na aliyemdhulumu na kulipiza kisasi mbele ya umati. Mimi ni mwanafunzi wa historia ya Roma ya kale, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye mawe ya makaburi, yakiwemo ya magladiata wenyewe. Mawe hayo yanasimulia kisasi cha namna nyingine kabisa. Yanalalamika juu ya mpinzani, juu ya mwamuzi, hata juu ya mungu, lakini bwana aliyemmiliki marehemu na mkubwa aliyegharimia tamasha hawaguswi. Hata Kaisari Commodus, mtawala wa Roma ambaye kweli alipenda kushuka uwanjani na kujiita gladiata, hakuuawa na mtumwa mwenye kinyongo. Alinyongwa na mwanamieleka aitwaye Narcissus, siku ya mwisho ya mwaka 192, kwa njama ya watu wa nyumba yake mwenyewe.

Ili kuelewa kwa nini kisasi kilikwenda upande huo, ni lazima kuanza na heshima, au tuseme kukosekana kwake. Mbele ya sheria ya Roma gladiata alihesabiwa pamoja na waigizaji na makahaba, watu waliovunjiwa heshima kwa sababu ya kazi yao. Hata mtu huru aliyejiandikisha kwa hiari yake alikula kiapo cha kukubali kuchomwa moto, kufungwa, kupigwa na kuuawa kwa chuma. Baada ya kiapo hicho, heshima aliyobaki nayo ilikuwa moja tu, nayo ni namna anavyopigana na namna anavyokufa. Cicero, msemaji na mwandishi mashuhuri wa Roma ambaye hakuwapenda watu hawa hata kidogo, aliuliza ni gladiata gani, hata wa kiwango cha kawaida, aliyewahi kuugua kwa maumivu au kubadilika uso, na ni yupi aliyeanguka kisha akarudisha shingo nyuma alipoamriwa kupokea pigo. Sifa hiyo naiona ya kikatili, kwa kuwa inamheshimu mtu pale tu anapokubali kuchinjwa. Aliyeshindwa aliinua kidole kuomba asamehewe, na uamuzi ulikuwa wa mwenye tamasha, aliyesikiliza kelele za watazamaji. Mshindi alisubiri, naye hakuwa na mamlaka ya kusamehe wala ya kuua.

Sasa tazama jiwe la Victor, mpiganaji wa mkono wa kushoto, mwenyeji wa Thessalonica. Kwa Kigiriki linasema kwamba aliyemuua ni ajali yake, si yule mwongo Pinnas, na kwamba Pinnas asiendelee kujigamba, kwa sababu Polyneikes, mpiganaji mwenzake Victor, amekwisha kumuua na kumlipia kisasi. Gharama ya jiwe ilitoka katika mali aliyoiacha marehemu. Hapa kisasi kimetimia kama filamu zinavyotaka, lakini waliokufa wote wawili ni watu wa kazi moja na hali moja, na mapambano yote mawili yalikuwa burudani iliyolipiwa na mtu mwingine ambaye hata jina lake jiwe halikulitaja. Isitoshe, Victor anakataa hata kukiri kwamba alishindwa. Kinachotetewa ni sifa, maana uhai ulikwisha kupotea.

Urbicus, aliyezikwa Milano, ananigusa zaidi. Alitoka Florence, alipigana mara 13 na akafa akiwa na miaka 22, akaacha mke, Lauricia, aliyeishi naye miaka 7, na mabinti wawili, mmoja wao akiwa na miezi 5 tu. Katikati ya maneno hayo ya majonzi ya familia limo onyo kwa msomaji, kwamba kila anayemshinda mtu na amuue. Wasomi wengi wanaona kwamba Urbicus aliwahi kumwachia mpinzani uhai wake, kisha akauawa na huyohuyo, na mimi nakubaliana nao. Wenzake walioishi pamoja katika chuo cha mapigano, na kula meza moja, wangelisoma onyo hilo wakijua kwamba kesho huenda wakapangwa kupambana wao kwa wao.

Diodorus, aliyezikwa Amisus kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, ana neno na mwamuzi. Jiwe lake linasema kwamba alimwangusha Demetrius na hakumuua papo hapo, lakini ajali na hila za mwamuzi mkuu zikamuua yeye. Yaelekea mwamuzi aliamua kwamba Demetrius aliteleza tu, akamruhusu asimame na kuendelea na pambano. Glauco wa Modena naye, aliyekufa katika pambano lake la 8 akiwa na miaka 23, anawaambia wasomaji wa jiwe lake huko Verona wasimwamini Nemesis, mungu wa kike wa malipo, kwani ndivyo alivyodanganywa yeye. Nemesis alikuwa na mahali pake pa ibada ndani ya viwanja vingi vya mapigano, kuanzia Carnuntum katika Austria ya leo hadi Chester huko Uingereza, na wapiganaji walimwomba kila walipoingia. Kumlaumu yeye hakukuwa na hatari. Kumlaumu mwenye tamasha lilikuwa jambo jingine.

Mara moja tu kisasi kilipanda juu kwa nguvu, hadi kwa mabwana wenyewe. Mwaka 73 KK, gladiata Spartacus na wenzake wapatao 70 walitoroka chuo cha mapigano cha Capua, mji wa kusini mwa Roma, wakiwa na visu vya jikoni na vyuma vya kuchomea nyama. Mwaka uliofuata mwenzake Crixus aliuawa vitani, na mwanahistoria wa kale Appian anaandika kwamba Spartacus aliwachinja mateka 300 wa Kiroma kwa ajili ya roho yake. Florus, mwanahistoria mwingine wa kale, anasema pia kwamba aliwalazimisha mateka kupigana kuzunguka moto wa kuwachomea makamanda wake waliokufa. Mapigano ya kwanza mjini Roma, mwaka 264 KK, yaliandaliwa na wana wa Brutus Pera kumheshimu baba yao aliyefariki, kwa hiyo Spartacus aliwarudishia Waroma ibada yao wenyewe, huku wao sasa wakiwa ndio wanaokufa. Florus, kwa hasira, anasema ni kana kwamba alitaka kufuta aibu yake yote ya zamani kwa kugeuka kutoka gladiata kuwa mwenye tamasha. Kwa maoni yangu hakuna Mroma aliyemwelewa Spartacus vizuri kumzidi Florus.

Crassus, jemadari wa Kiroma, alimshinda Spartacus mwaka 71 KK na kuwasulubisha mateka 6,000 kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma. Hata hivyo hakupewa maandamano makubwa ya ushindi, kwa kuwa kuwashinda watumwa hakukuhesabiwa kuwa fahari. Alipewa yale madogo, ambayo kwa kawaida mshindi alivaa taji la mihadasi, na Crassus akahangaika hadi baraza la wazee likamkubalia avae la majani ya laureli.