Kazi ya kikundi iandikwe na kikundi: wiki katika masomo ya mtandaoni

Kila mhadhiri anaijua kazi ya kikundi yenye majina sita lakini imeandikwa na mtu mmoja. Kwa wanafunzi wa masafa ni rahisi zaidi kufikia hapo: mmoja yuko Kondoa, mwingine Mpwapwa, wa tatu anafundisha Kongwa na hupata nafasi usiku tu. Mafaili yanatumwa WhatsApp, yanarudi matoleo manne tofauti, na anayeyaunganisha ndiye anayebeba mzigo wote.

Kwenye wiki, yaani kurasa za mtandaoni ambazo wasomaji wenyewe huziandika na kuzirekebisha, ukurasa ni mmoja na kila mwanakikundi anauhariri. Mtaalamu wa programu za kompyuta kutoka Marekani, Ward Cunningham, aliianzisha mwaka 1995, Wikipedia ikafuata mwaka 2001, na leo wiki imo ndani ya Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni.

Tuseme kikundi kinaandika kuhusu kilimo cha zabibu Dodoma. Mmoja anaandika kwamba zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka. Mwenzake aliyekulia Hombolo anasahihisha: mara mbili, na anaongeza maelezo ya kupogolea mizabibu. Ukifungua historia ya ukurasa unaziona sentensi zote mbili, jina la aliyebadilisha, tarehe na saa. Kilichofutwa kimakosa kinarejeshwa. Mimi hapo ndipo ninapouona ujifunzaji wenyewe, kuliko kwenye nakala ya mwisho iliyopambwa.

Kikwazo kikubwa si teknolojia, ni heshima. Kijana anaona vibaya kugusa sentensi ya mtu mzima aliyemzidi umri, basi anabandika aya yake chini na kuondoka. Mnaishia na aya sita zisizojuana. Kwa hiyo swali lenyewe lidai: kila mmoja aboreshe sehemu ambayo hakuiandika, na aeleze sababu kwenye maoni. Hilo lipewe alama. Wiki ya Moodle haina sehemu yake ya alama, hivyo mhadhiri hana budi kuisoma historia, na asihesabu tu mabadiliko. Aliyerekebisha koma kumi hajamfikia aliyesahihisha hoja moja.

Wanafunzi, mtandao ukisumbua andikeni kwanza kwenye simu, kisha mbandike. Msiache ukurasa wazi kwenye hali ya kuhariri, maana Moodle huufunga kwa wengine wakati mmoja anaandika.

Wahadhiri, pangeni makundi kabla ya mtu yeyote kuandika, na mchague wiki shirikishi, si ya binafsi. Chaguo hilo halibadilishwi wiki ikishaundwa.