Kabla ya kuteleza, jifunze kunyamazisha

Wanafunzi wanaonijia na gitaa la rezoneta, lile lenye koni ya chuma tumboni inayokuza sauti, karibu wote hutaka kuanza na ule mlio wa kulia unaotokana na slaidi, yaani bomba fupi la kioo au chuma linalovaliwa kidoleni na kuburutwa juu ya nyuzi. Mimi huwaanzisha na kunyamazisha nyuzi, na wengi hununa.

Sababu imo katika gitaa lenyewe. Lilibuniwa Los Angeles na John Dopyera, ili lisikike katikati ya bendi zenye ala za kupuliza kabla gitaa la umeme halijaenea, na mwaka 1927 kampuni ya National ikaanza kulitengeneza likiwa na koni tatu za alumini. Langu lina koni moja: mtikisiko wa nyuzi hupita kwenye daraja, hushuka katika kisahani cha mbao kiitwacho biskuti, kisha huitikisa koni nyembamba iliyofichwa tumboni. Koni hiyo haitunzi siri. Kila mkwaruzo huutangaza.

Kuhusu tuni ya wazi ya G tunayoitumia kwa slaidi, kazi ni ndogo. Legeza uzi wa sita kutoka E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, na wa kwanza kutoka E hadi D. Ukizipiga nyuzi zote bila kushika chochote, tayari umepata kodi ya G (noti kadhaa zinazolia pamoja, si ile ya mapato). Slaidi ikilala juu ya freti ya tano (freti ni vile vijiwaya vinavyokatiza shingo ya gitaa) ni C, ya saba ni D, na ya kumi na mbili ni G ya juu, na kwa hatua hizo unaweza kupiga bluzi nyingi za Mississippi, ambako mwanamuziki wa bluzi Son House aliitumia sana tuni hii. Kwa kuwa nyuzi zimelegea, funga nene, la sivyo slaidi itagonga freti.

Mimi huvaa slaidi kidole cha mwisho, ili vidole vilivyo nyuma yake vilale kwenye nyuzi kwa wepesi na kuzima mlio unaozaliwa upande wa pili wa slaidi. Mkono wa kulia nao huzima kila uzi usiopigwa. Hayo yakishakaa mikononi, ndipo tunapotafuta sauti, nayo haiko nyuma ya freti kama tulivyozoea, bali juu ya waya wake kabisa.

Jaribu hivi: piga uzi wa tatu ukiwa wazi, kisha uguse wa kwanza kwa ncha ya slaidi kwenye freti ya tano. Zote ni G, moja juu ya nyingine. Ukikosea kidogo utasikia sauti ikipwitapwita; isogeze slaidi taratibu mpaka mapigo yapungue na kutoweka. Mwanafunzi wangu mmoja alitumia wiki mbili kwenye freti hiyo moja, na sikumharakisha.