Dhana potofu kuhusu harufu ya panya

Wenye maghala ya mahindi pale Kilombero, Arusha, na akina mama wenye stoo za nafaka Moshi, wana haki ya kuchukia harufu ya panya wadogo wa nyumbani, kwa kuwa mkojo wao huharibu chakula na huweza kubeba magonjwa. Hata hivyo, mengi yanayosemwa kuhusu harufu hiyo si sahihi.

Dhana: Mkojo wa panya ni taka ya mwili tu. Katika mkojo wa binadamu, protini nyingi ni dalili ya figo zenye hitilafu. Kwa panya dume ni hali ya kawaida. Protini hizo hutengenezwa katika ini, hushika kemikali zenye harufu na kuziachia polepole, hivyo alama huendelea kutoa taarifa muda mrefu baada ya mwenyewe kuondoka. Mojawapo, iliyoelezwa mwaka 2010 na kundi la Jane Hurst wa Chuo Kikuu cha Liverpool, huwavutia majike na kuwafanya wakumbuke mahali walipoikuta.

Dhana: Harufu yote huamuliwa na jeni. Ni kweli kwamba panya ana jeni zaidi ya 20 za protini hizo, na kwamba panya wa mwituni hutambuana kwa mchanganyiko ambao kila mmoja amerithi. Lakini kiasi kinachotolewa hutegemea pia homoni, lishe na maisha ya kijamii. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wazazi walipotolewa katika vizimba na kuishi kwa ushindani na wenzao, watoto wao wa kiume walizalisha protini nyingi zaidi.

Dhana: Basi mazingira ndiyo yanayotawala. Hapa ndipo ninapoona watu wengi wanakosea zaidi, kwa sababu wanadhani ni lazima mmoja ashinde. Tuchukue trimethilamini, kemikali yenye harufu ya samaki, ambayo panya hawezi kuipata kwa wingi bila bakteria wa utumbo wanaovunja kolini iliyomo katika chakula. Akipewa antibiotiki, kiwango chake hushuka. Lakini jike na dume wakila chakula kilekile, dume ndiye anayenuka zaidi, kwa sababu kimeng’enya cha ini kinachoondoa harufu hiyo hupunguzwa kwake na homoni za kiume anapobalehe. Chakula, bakteria na jeni hufanya kazi moja.

Dhana: Panya humwogopa paka baada tu ya kukutana naye. Panya wa maabara ambao hawajawahi kumwona paka huikwepa protini yake, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2010, ila wale ambao jeni inayokiwezesha kiungo maalumu cha pua kupokea ujumbe wa protini hiyo imezimwa hawaikwepi.