Uzuri wa jengo la umma huanzia kwenye jedwali la alama

Nikipewa jalada la mradi wa jengo la umma nilipitie, michoro naiweka pembeni kwanza. Natafuta nyaraka za zabuni, nafungua ukurasa unaoeleza wazabuni watapimwaje, kisha nasoma alama zilivyogawanywa: bei ngapi, ubora ngapi, nishati ngapi, na wenye ulemavu wamewekewa nini. Nikimaliza ukurasa huo, mara nyingi nimeshajua jengo litakuwa la namna gani, hata kama msanifu bado hajashika kalamu.

Kazi yangu ni kuzisaidia mamlaka za umma kuandika masharti ya aina hiyo. Tangu Septemba 2020, Ursula von der Leyen, Rais wa Kamisheni ya Ulaya, alipotangaza Bauhaus Mpya ya Ulaya, mpango wa Umoja wa Ulaya kuhusu majengo na mazingira tunamoishi, mambo matatu yamekuwa yakitajwa kwa pamoja: uendelevu, ujumuishi na uzuri. Nilifurahi kuona uzuri nao umeandikwa waziwazi kwenye sera, maana kwa miaka mingi maofisa waliukwepa wakidhani ni suala la mtu na macho yake. Lakini tangazo halijengi ukuta. Ukuta unajengwa na kifungu, kipimo na fedha, na hapo ndipo nia nyingi njema zinapopotelea.

Tuchukue hesabu ndogo. Zabuni inasema bei ina alama 60 na ubora 40. Ukisoma hivyo unaridhika kwamba ubora umepewa uzito. Majaji wanakaa, na kwa kawaida majaji huona haya kutoa alama za juu sana au za chini sana, hivyo wazabuni watatu wanapata 30, 32 na 34 kati ya 40. Kati ya pendekezo dhaifu na pendekezo bora pana tofauti ya alama 4 tu. Upande wa bei hakuna kuoneana haya. Kanuni inayotumika sana humpa mwenye bei ya chini alama zote 60, na kila mwingine hupata 60 mara bei ya chini, gawanya kwa bei yake. Aliyezidi kwa asilimia 20 anapata 50. Mwenye pendekezo bora akiwa ndiye huyo, jumla yake ni 84, na mwenye pendekezo dhaifu, akiwa ndiye mwenye bei ya chini, anaondoka na 90 pamoja na kandarasi. Ili ubora wake umwokoe, asingepaswa kuzidi kwa zaidi ya asilimia 7 hivi. Kwenye karatasi ubora ulikuwa 40. Kwenye uamuzi ulikuwa karibu na sifuri.

Hakuna aliyekula rushwa hapo, wala hakuna aliyevunja sheria. Jedwali ndilo lililoamua. Ndiyo maana nasisitiza kila daraja la alama lielezwe kwa maneno kabla zabuni haijatangazwa: ni pendekezo gani linalostahili 10, lipi linastahili 40, na chini ya alama gani mzabuni anatolewa bila bahasha yake ya bei kufunguliwa. Kuna njia kali zaidi ambayo naipenda, ingawa haitumiki inavyostahili. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu ununuzi wa umma, namba 2014/24, katika kifungu cha 67 yanaruhusu mnunuzi apange bei isiyobadilika, kisha wazabuni washindane kwa ubora peke yake. Mnunuzi anasema: fedha tulizo nazo ni hizi, nionyesheni mnachoweza kunipa. Mji wa Tübingen, Ujerumani, umekuwa ukigawa viwanja vyake kwa fikra hiyohiyo. Bei ya ardhi inawekwa mapema, halafu vikundi vya watu wanaotaka kujenga pamoja vinashindana kwa wazo: nani atakaa, chini patakuwa na karakana au duka gani, uani patatumikaje.

Vienna, mji mkuu wa Austria, imefika mbali zaidi. Tangu 1995, nyumba nyingi zinazojengwa kwa ruzuku ya jiji hupitia mashindano ya waendelezaji, na kila pendekezo hupimwa kwa nguzo zenye uzito sawa. Mwanzoni zilikuwa tatu: uchumi, usanifu na mazingira. Mwaka 2009 ikaongezwa ya nne, uendelevu wa kijamii, yaani watu wa aina mbalimbali wataishije pamoja humo. Kinachonivutia ni jinsi nguzo hizo zinavyosomwa mbele ya jopo moja, siku moja. Mahali pengi mtaalamu wa nishati hutoa kibali chake Januari, wa watu wenye ulemavu Machi, na mtu wa sura ya jengo anaitwa Juni, wakati kilichobaki kuchaguliwa ni rangi. Wakikaa pamoja mapema, ngazi pana yenye mwanga wa jua inayowafanya watu waache lifti inahesabiwa mara tatu: inaokoa umeme, inakutanisha majirani, na inapendeza. Wakikaa mbalimbali, kila mmoja anaiona ngazi hiyo kama gharama ya mwenzake.

Katika ujumuishi nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko sera inakofanyiwa kazi ya juujuu kuliko kwingine kote. Chukua ukingo wa njia ya miguu pale watu wanapovukia barabara. Mwenye kiti mwendo anataka pasiwe na kimo chochote. Asiyeona, anayetembea kwa fimbo nyeupe, anataka kimo cha wazi ili ajue njia yake imeishia hapa na magari yanaanzia pale. Ukisawazisha kila kitu, umemwingiza barabarani bila kumwambia. Kwa muda mrefu Ujerumani ilitumia suluhu ya katikati, ukingo wa sentimita 3. Wa kiti mwendo anaupanda kwa taabu, wa fimbo anaweza kuukosa. Baadaye wataalamu wakaja na kivuko chenye sehemu mbili pembeni kwa pembeni: moja imeshushwa hadi sifuri kwa ajili ya magurudumu, nyingine ina ukingo wa sentimita 6 kwa ajili ya fimbo, na vigae vyenye vinundu na mistari vinamwongoza asiyeona kwenye upande wake. Vigae vyenyewe vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, vikatandikwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama mwaka 1967.

Mfano huo naupenda kwa kuwa unaonyesha kwamba sentensi kama “eneo liwe rafiki kwa wenye ulemavu” haimsaidii mkandarasi hata kidogo. Ulemavu gani? Kwa kimo gani? Masharti mazuri yanataja sentimita, yanataja mwinuko wa njia ya mteremko, yanataja upana wa mlango. Tena yanawataka watumiaji wenyewe wapite kwenye sampuli ya kivuko kabla vingine 200 havijamwagiwa zege. Sampuli moja ni siku chache za kazi. Kubomoa vivuko 200 ni bajeti nyingine kabisa, ambayo kwa kawaida haipatikani, na kosa linabaki pale miaka 30.

Ujumuishi vilevile haumalizikii kwenye mteremko wa mlangoni. Katika miaka ya 1990, Vienna iligundua kwamba wasichana walikuwa wakitoweka kwenye bustani za umma wakishafika miaka 9 au 10, ilhali wavulana wanaendelea kuja. Hapakuwa na kibao kinachowazuia. Kilichokuwapo ni uwanja mmoja mkubwa wa wazi katikati, na wenye nguvu wakishautwaa kwa mpira, wengine hawana mahali. Mwaka 1999 bustani ya Einsiedlerpark ikapangwa upya: njia za miguu zikaongezwa, vikawekwa viwanja vya voliboli na badminton, na eneo kubwa likagawanywa kwa mimea kuwa sehemu ndogondogo. Hakuna mvulana aliyefukuzwa, na wasichana walirudi. Aliyesukuma kazi hiyo kwa miaka mingi ni Eva Kail, mpanga miji wa jiji lenyewe, na alianza na jambo ambalo ofisi nyingi huliruka: kuhesabu nani yuko pale, wa umri gani, saa ngapi, anafanya nini.

Kuhesabu huko kuna historia nzuri New York. Mwaka 1961 jiji lilibadili kanuni zake likasema kwamba mwenye jengo atakayeacha uwanja wa wazi kwa ajili ya umma ataruhusiwa kuongeza sakafu juu. Katika maeneo yenye msongamano mkubwa kabisa, kila futi moja ya mraba ya uwanja ilimletea futi 10 za ofisi. Wajenzi waliichangamkia ofa hiyo na viwanja vikapatikana kwa wingi, ila kanuni haikuwa imesema watu watakaa wapi, hivyo vingi vikawa sakafu tupu zenye jua kali mchana na upepo jioni. William H. Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, na wenzake wakaanza kuwapiga picha watu viwanjani na kuwahesabu. Walichokiona ni chepesi mno: watu hukaa palipo na pa kukaa. Mwaka 1975 kanuni ikarekebishwa, ikadai futi moja ya urefu wa kiti kwa kila futi 30 za mraba za uwanja. Umma ulikuwa umeshalipa kwa sakafu za ziada miaka 14 kabla ya kuomba kiti.

Kuhusu uendelevu nitasema kwa ufupi, kwa sababu vipimo vipo na vinafanya kazi. Tangu Januari 2023 Denmark inazitaka nyumba mpya zipigiwe hesabu ya hewa ukaa ya maisha yote ya jengo, kwa kipindi cha miaka 50, na kwa majengo yanayozidi mita za mraba 1,000 ilianza na kikomo cha kilo 12 kwa mita ya mraba kwa mwaka, kilichokazwa zaidi mwaka 2025. Kikomo hicho kinahesabu pia saruji, chuma na vioo, mbali na umeme wa kupoza au kupasha joto. Athari yake kwa wasanifu ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa maana hewa ukaa ya zege la msingi imeshatoka kabla taa ya kwanza haijawashwa, na hakuna paneli ya jua itakayoirudisha.

Ukishaanza kuhesabu hivyo, swali la kwanza linakuwa: kwa nini tubomoe? Huko Bordeaux, Ufaransa, katika mtaa wa Grand Parc, wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na Frédéric Druot na Christophe Hutin, walipewa maghorofa matatu ya miaka ya 1960 yenye nyumba 530. Kwa nje wakaongeza fremu mpya yenye vibaraza na vyumba vya vioo, kina cha mita 3.8, na wapangaji waliendelea kuishi humo wakati kazi ikiendelea. Kila familia ilipata mwanga, nafasi na mandhari, na hakuna aliyehamishwa. Uendelevu, ujumuishi na uzuri vilipatikana kwa uamuzi mmoja, uamuzi wa kutobomoa. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1996, jiji hilohilo liliwaomba Lacaton na Vassal waipendezeshe Place Léon Aucoc, uwanja mdogo wenye miti na mabenchi. Walikwenda wakautazama, wakazungumza na wakazi, kisha wakashauri usiguswe: changarawe ibadilishwe, miti itunzwe, pasafishwe mara kwa mara. Sera nyingi haziwezi kulipokea jibu kama hilo, kwa sababu ada ya msanifu hukokotolewa kama asilimia ya gharama ya ujenzi. Aliyeshauri kidogo analipwa kidogo. Ningependa kila mamlaka ianze na hatua ya utafiti yenye malipo yake kamili, ambayo hitimisho lake linaruhusiwa kuwa “pabaki palivyo”.

Na uzuri wenyewe, tunauandikaje? Ufaransa ilijibu kwa sheria ya tarehe 3 Januari 1977, ambayo katika kifungu chake cha kwanza inasema usanifu ni kielelezo cha utamaduni na kwamba ubora wa majengo ni maslahi ya umma. Sheria hiyohiyo ikaanzisha ofisi za ushauri wa usanifu, mipango miji na mazingira katika mikoa, ambako raia anayetaka kujenga anapata ushauri wa mtaalamu bila malipo. Hakuna mahali iliposema paa liwe la umbo gani, na nadhani ilifanya sawa. Serikali ikichagua mtindo, hupata nakala nyingi za jengo moja. Kazi ya sera ni kununua muda wa kubuni, kuwaweka watu wenye jicho kwenye jopo, na kuwalazimisha waandike sababu zao ili mwananchi azisome. Neno “linapendeza” halitoshi kwenye ripoti ya jopo. “Mlango mkuu unaonekana kutoka kituo cha basi, na kivuli cha saa nane kinaangukia mabenchi” linatosha, tena linaweza kupingwa kwa hoja.

Sehemu inayobaki ni ya baada ya kukabidhi. Ukaguzi mkubwa wa viwanja vile vya New York, uliochapishwa mwaka 2000, ulihesabu maeneo 503 na kukuta asilimia 41 yakiwa ya manufaa hafifu kwa umma. Katika baadhi ya maeneo, wenye majengo walikuwa wamefunga mageti au kugeuza nafasi kuwa mali yao. Kwa hiyo kwenye kila mradi naandika kifungu kinachomtaka msanifu na mmiliki warudi mwaka wa pili na wa tano, wahesabu watu, wasome mita za umeme, wampitishe asiyeona kwenye kivuko, kisha matokeo yachapishwe. Kifungu hicho ndicho cha kwanza kukatwa bajeti inapobanwa, kwa sababu akaunti ya mradi hufungwa siku ya makabidhiano na fungu la matunzo liko idara nyingine. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutenga fedha hizo ndani ya gharama ya ujenzi tangu mwanzo, kwenye mstari wake wenyewe, na kuandika jina la idara itakayozisaini miaka mitano baadaye.